Kumlea Mtoto Aliyejifunza Kutomwamini Mtu

Wazazi wengi walioasili mtoto hufika kliniki wakiwa wamechelewa. Mwezi wa kwanza hawaji, kwa sababu katika mwezi huo mtoto huwa mtulivu, hula anachopewa na huitika kila anapoitwa. Huja baada ya mwaka au miaka miwili, wakiwa wamechoka, na malalamiko yao hufanana: mtoto anaiba, anasema uongo hata pale ambapo ukweli usingemdhuru, anaficha chakula chini ya godoro, anampiga mdogo wake, na akichapwa halii. Majirani wamekwisha kuwaambia kwamba damu ni nzito na kwamba mtoto wa watu ni wa watu tu. Mwishoni, kwa sauti ya chini, huulizwa swali lililowaleta: je, inawezekana kumrudisha alikotoka?

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi hao na kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaowapokea. Yanaeleza kwa nini baadhi ya watoto walioasiliwa huwa na matatizo ya hisia na tabia, nini kifanyike nyumbani, lini msaada wa kitaalamu unahitajika, na kwa nini swali lile la kurudisha linapaswa kusikilizwa kwa makini badala ya kulaaniwa.

Mtoto wa kuasili ni nani?

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara, kuasili hukamilishwa kwa amri ya mahakama baada ya uchunguzi wa maafisa ustawi wa jamii. Tangu hapo, wazazi walioasili hubeba haki na wajibu wote wa mzazi kwa mtoto huyo. Katika familia za Kiislamu, malezi ya kafala humpa mtoto makazi, matunzo na upendo bila kubadili nasaba yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 20, huitambua kafala pamoja na kuasili. Zaidi ya hao wapo watoto wengi ambao hawakupita mahakamani: waliochukuliwa na bibi, shangazi, mama mdogo au mjomba baada ya msiba. Yasemwayo hapa yanawahusu wote, kwa kuwa moyo wa mtoto hautofautishi hati ya mahakama na makubaliano ya kikao cha ukoo. Unachokijua ni kwamba aliyekuwapo jana, leo hayupo.

Jinsi mtoto anavyojifunza kuamini

Mnamo mwaka 1951, Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti ya John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, iliyoonya kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mlezi wake kama anavyohitaji chakula. Miaka michache baadaye ushahidi muhimu ulipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda, akiwatazama watoto 28 wakinyonya, wakilia, wakitambaa na kubembelezwa. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake huitambua haraka dalili ya njaa au hofu yake, na kuijibu, ndiye anayethubutu kutambaa mbali naye na kuchunguza dunia, kwa kuwa anajua akigeuka atamkuta. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967, na kazi hiyo ni miongoni mwa misingi ya elimu ya mfungamano wa kihisia kati ya mtoto na mlezi.

Mfungamano huo hujengwa kwa mambo madogo yanayorudiwa mara maelfu. Mtoto analia, mtu anakuja. Ana njaa, analishwa. Anaogopa, anapakatwa. Kwa kurudiarudia huko, mtoto hujifunza kwamba watu wanaaminika na kwamba yeye mwenyewe anastahili kujibiwa.

Sasa tumfikirie mtoto aliyelia na asijiwe na mtu. Aliyepigwa na mkono uleule uliomlisha. Aliyezunguka nyumba tatu kabla ya kutimiza miaka minne. Au aliyeishi katika makao ambamo mlezi mmoja alihudumia watoto wengi kwa zamu. Huyu naye amejifunza, na amejifunza vizuri. Amejifunza kwamba watu wazima huja na kuondoka, kwamba chakula cha leo hakithibitishi cha kesho, na kwamba kumpenda mtu ni kujiandaa kuumia. Sehemu za ubongo zinazotambua hatari hujizoesha kukaa macho wakati wote. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto huyu amehamia katika nyumba isiyo na nyoka, ila imejaa ung'ongo.

Yaliyojifunzwa kutoka Romania

Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka nchini Romania mwezi Desemba 1989, dunia iligundua kwamba zaidi ya watoto 100,000 walikuwa wakiishi katika taasisi za serikali, wengi wakiwa katika hali ya kutelekezwa. Baadhi yao waliasiliwa na familia za Uingereza, na timu ya watafiti iliyoongozwa na Michael Rutter iliwafuatilia 165 kati yao kuanzia utotoni hadi utu uzima. Matokeo ya ufuatiliaji wa ukubwani yalichapishwa mwaka 2017. Waliotoka katika taasisi kabla ya kutimiza miezi 6 walikua kwa jumla kama watoto wengine. Miongoni mwa waliokaa humo zaidi ya miezi 6, wengi walibaki na matatizo ya mahusiano, umakini na hisia hata walipokuwa vijana. Hata hivyo, takriban mmoja kati ya watano katika kundi hilo hakuwa na tatizo katika kipindi chochote cha ufuatiliaji, na uwezo wa akili wa wengi uliokuwa chini utotoni ulifikia kiwango cha kawaida baadaye.

Huko Bucharest kwenyewe, utafiti mwingine ulioanza mwaka 2000 uliwahusisha watoto 136 wa taasisi, wenye umri wa miezi 6 hadi 31. Kwa njia ya kura, nusu yao waliwekwa katika familia za malezi ya kambo. Waliopata familia walifanya vizuri kuliko waliobaki, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliohamishwa kabla ya kufikisha takriban miaka miwili.

Tafiti hizo zinatufundisha mambo mawili yanayopaswa kushikwa pamoja. La kwanza, upendo wa wazazi wapya haufuti mara moja kilichotangulia, na mzazi ambaye mtoto wake bado anahangaika baada ya miaka mitatu hajashindwa. La pili, familia ni dawa yenye nguvu, na kuchelewa kuanza hakuiondolei thamani.

Tabia na maana yake

Mzazi anayejua maana ya tabia huijibu vizuri zaidi. Mtoto anayeficha chapati chini ya godoro, ingawa sahani yake hujazwa kila siku, anajiwekea akiba dhidi ya njaa anayoikumbuka. Anayedanganya upesi huenda alikulia mahali ambapo kukiri kosa kulileta kipigo kikali. Uongo ulikuwa ngao yake. Asiyelia anapoumia amejifunza kwamba machozi hayamleti mtu. Anayemkumbatia kila mgeni na kuwa tayari kufuatana naye humfurahisha mgeni, lakini hiyo ni dalili ya kutokuwa na mtu maalumu wa kumkimbilia, na inamweka katika hatari ya kudhuriwa.

Tabia inayowaumiza wazazi kuliko zote ni ya mtoto kumpiga vita mama peke yake. Kwa baba ni mpole, kwa mwalimu ana adabu, kwa wageni anachekesha. Kwa mama ni ukaidi, matusi na chuki. Mara nyingi mama ndiye anayekaribia zaidi nafasi ya yule aliyepotea, na ukaribu huo ndio unaomtisha mtoto. Baba asiyeyaona hayo hudhani mkewe anatia chumvi, na hapo ndoa huanza kupata ufa. Wazazi wakielezwa jambo hili wakiwa pamoja, huwa wanatazamana kwa namna nyingine.

Vilevile, wengi hushangaa kwamba dhoruba huanza baada ya miezi ya utulivu. Utulivu wa mwanzo ulikuwa tahadhari ya mgeni. Anapoanza kuhisi kwamba huenda hapa ni nyumbani, mtoto hulazimika kupata jibu la swali asiloweza kulitamka: nikiwa mbaya kiasi gani ndipo mtanifukuza?

Mwili uchunguzwe kwanza

Kabla tabia haijapewa jina la kitaalamu, mtoto apimwe afya kikamilifu. Asiyeitikia anapoitwa huenda hasikii vizuri kwa sababu ya maambukizi ya masikio yaliyojirudia. Anayezubaa darasani huenda ana kifafa kisicho cha kuanguka, upungufu wa damu, au haoni ubaoni. Kukojoa kitandani kunaweza kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo au kisukari. Maambukizi ya VVU, selimundu, utapiamlo wa utotoni na pombe aliyokunywa mama mzazi wakati wa ujauzito vyote vinaweza kuathiri ukuaji na tabia. Kwa kuwa historia ya uzazi mara nyingi haijulikani, vipimo hivi visiachwe kwa kudhani kwamba vilikwisha kufanywa.

Malezi ya kila siku

Jambo la kwanza ni utaratibu. Saa ya kula, ya kuoga na ya kulala iwe ileile kila siku, na mabadiliko yatangazwe mapema: “Kesho baba anasafiri kwenda Morogoro, atarudi Jumamosi.” Kwa mtoto wa kawaida hiyo ni taarifa; kwa huyu ni uthibitisho kwamba anayeondoka hurudi. Mzazi asiahidi asichoweza kutimiza, hata kiwe pipi.

Chakula kisigeuzwe kuwa adhabu. Bakuli la ndizi au karanga liwekwe mahali ambapo mtoto anaruhusiwa kuchukua bila kuomba, na aambiwe hivyo waziwazi. Chakula kilichofichwa kiondolewe bila kelele na bila kumwaibisha. Katika nyumba nyingi uficho hupungua wenyewe mtoto anapoamini kwamba bakuli halitakauka.

Anapopandwa na hasira, mzazi asogee karibu, ashushe sauti na atumie maneno machache. Huo si wakati wa mahubiri, kwa sababu ubongo uliojaa hofu hausikii hoja. Akitulia, ndipo tukio lizungumzwe na madhara yarekebishwe: aliyevunja kikombe asaidie kufagia, aliyempiga mwenzake amletee maji ya kunawa. Kumfungia chumbani peke yake au kumtishia kwamba atarudishwa makaoni humthibitishia yale anayoyaogopa.

Kuhusu kiboko, wazazi wengi hutaja methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini samaki hakunjwi kwa rungu. Mtoto aliyewahi kuteswa akipigwa hufanya moja kati ya mambo mawili: huganda na kuondoka kimawazo, au hushambulia. Katika hali zote mbili hajifunzi kosa lake. Anajifunza kwamba hata hapa ni kulekule. Mipaka bado ni lazima, tena iwe thabiti. Jambo lililokatazwa Jumatatu likatazwe pia Ijumaa. Shuleni, mzazi amwone mwalimu wa darasa mapema, amweleze bila kutoboa siri zisizo za lazima, na waafikiane namna ya kumrekebisha mtoto bila kiboko.

Kila siku kuwe na dakika 15 za mtoto na mzazi peke yao, kwa jambo alichaguaye mtoto: kuchambua mchele, kucheza bao, kusukwa nywele au kusimuliwa hadithi. Dakika hizo zisifutwe kama adhabu. Siku aliyokosea sana ndiyo siku anayozihitaji zaidi.

Ukweli kuhusu asili yake

Wapo wazazi wanaoficha kwa nia njema kwamba mtoto ni wa kuasiliwa. Siri ya namna hii ni nadra kudumu katika mtaa wenye majirani na ukoo wenye vikao. Mtoto akiipata kwa ugomvi wa watoto wenzake au msibani, huuliza ni nini kingine alichodanganywa. Ni vyema aambiwe mapema, kwa maneno ya umri wake: “Ulikua tumboni mwa mama mwingine, yeye hakuweza kukulea, sisi tukakuomba uwe mtoto wetu.” Maelezo huongezwa kadiri anavyokua. Mama mzazi asitukanwe mbele yake, kwani mtoto hujihesabu kuwa sehemu yake. Picha, jina alilokuja nalo, kijiji alikotoka na nguo aliyovaa siku ya kwanza vitunzwe. Ni urithi wake.

Tiba inayosaidia na tiba inayodhuru

Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu mwaka 2022 unatambua matatizo mawili makubwa ya mfungamano: la mtoto asiyemtafuta mlezi yeyote kwa faraja, na la mtoto anayemkaribia yeyote bila tahadhari. Yote mawili hutokana na utelekezwaji mkubwa wa utotoni na si ya kawaida. Watoto wengi wa kuasili hawana mojawapo, na haifai kuwabandika majina hayo kwa haraka. Wengi wana huzuni ya msiba, kiwewe, wasiwasi au tatizo la umakini, na yote hayo yana tiba.

Tiba yenye msingi ni ile inayomshirikisha mlezi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na wazazi, katika maeneo ya Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, walishiriki katika jaribio la tiba ya mazungumzo iliyolenga kiwewe na majonzi, ikiendeshwa katika vikundi pamoja na walezi wao. Waliowahudumia walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo na usimamizi. Dalili za kiwewe zilipungua, na faida hiyo ilionekana wazi na kudumu zaidi upande wa Kenya. Huduma ya namna hii inaweza kutolewa hata palipo na uhaba wa wataalamu.

Hakuna kidonge kinachotibu kutoaminiana. Dawa hutolewa na daktari pale panapokuwa na ugonjwa unaozihitaji, kama vile kifafa au sonona kali. Kumpa mtoto dawa ya mafua ili asinzie ni hatari. Hatari zaidi ni tiba za mabavu. Mwaka 2000, huko Colorado nchini Marekani, msichana wa miaka 10 aliyekuwa ameasiliwa alikufa kwa kukosa hewa baada ya kuviringishwa shuka na kugandamizwa katika kikao kilichodaiwa kumfanya azaliwe upya. Walioendesha kikao hicho walifungwa, na mwaka uliofuata jimbo hilo lilipiga marufuku mbinu hiyo. Maombi na dua ni faraja kwa familia nyingi, lakini yeyote anayetaka kumfunga, kumshindisha njaa au kumchapa mtoto ili kumtoa pepo asikabidhiwe mtoto.

Kwa mhudumu wa afya

Muuguzi anayemuuliza mama mbele ya foleni, “Huyu ulimzaa kwa kawaida au kwa upasuaji?” anaweza kufungua kidonda bila kujua. Maswali ya asili yaulizwe faragha, na mtoto asijadiliwe akiwa anasikia kana kwamba hayupo. Uliza alifika lini, alipitia mikono mingapi, na analala vipi. Kisha muulize mzazi naye analala vipi. Uchovu wa mlezi ni sehemu ya ugonjwa tunaoutibu. Anayelea mtoto asiyerudisha upendo hufika mahali akajikuta anatimiza wajibu bila hisia, na aibu humzuia kusema.

Mtoto apelekwe haraka hospitali yenye huduma ya afya ya akili ikiwa anazungumzia kufa au anajidhuru, anawasha moto, anawatesa wanyama au watoto wadogo, anapoteza uwezo aliokuwa nao, au anaonyesha tabia za kingono zisizolingana na umri wake. Hilo la mwisho lisiitwe uhuni. Ni sababu ya kuchunguza kama alidhalilishwa.

Je, arudishwe?

Mzazi anayeuliza swali hili mara nyingi anaomba kupumzika, na hana maneno mengine ya kuomba. Ajibiwe kwa msaada: dada au bibi wa kukaa na mtoto wikiendi moja, afisa ustawi wa jamii wa kuitembelea familia, miadi ya karibu kliniki, na wazazi wengine walioasili wa kuzungumza nao. Ikiwa usalama wa yeyote nyumbani uko hatarini, hilo lisemwe wazi na litafutiwe ufumbuzi pamoja na Ustawi wa Jamii. Lakini ijulikane kwamba kila kuhama humfundisha mtoto somo lilelile kwa mara nyingine, na nyumba ya nne huwa na kazi ngumu kuliko ya tatu.

Maendeleo yake huja kwa vipimo vidogo. Mtoto aliyekuwa halii anajikwaa, anatazama huku na huku, kisha anakimbilia jikoni akilia kwa mama yake. Wageni wataona mtoto mlizi. Mzazi atambue kwamba siku hiyo mtoto ameamini kuna mtu atakayekuja.

Kwa ushauri, wazazi wafike kituo cha afya kilicho karibu au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yao. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116, hupatikana bila malipo Tanzania, Kenya na Uganda.